Wanafunzi wa shahada ya kwanza wafundishwe vipi utafiti wa saratani hapa Tanga?

Mkazi wa Raskazone (mtoa mada)

Wanajamvi, salaam.

Kila mwaka vyuo vinapofunga kwa likizo ndefu, vijana wetu wanaosomea udaktari, sayansi ya maabara, famasia, baiolojia na takwimu huko Dar es Salaam, Morogoro, Dodoma na Moshi hurudi nyumbani Tanga, na wengi wao hutafuta mahali pa kufanyia mafunzo kwa vitendo. Nimefanya kazi ya maabara katika mkoa huu kwa muda mrefu na baadhi ya vijana hao nimewasimamia mwenyewe. Jambo ninalotaka tulijadili ni moja: mafunzo ya utafiti wa saratani tunayowapa hayatoshi, na sababu kubwa si ukosefu wa mashine kama wengi tunavyodhani. Sababu ni kwamba hatuwapi swali. Kijana anapokelewa, anavaa koti jeupe, anaosha vioo, anabandika lebo kwenye chupa, anasainiwa kitabu chake cha mafunzo, kisha anarudi chuoni akiwa hajui kwa nini sampuli ile ilichukuliwa wala majibu yake yalimsaidia nani.

Makadirio ya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lenye makao yake Lyon nchini Ufaransa, yalionesha kwamba mwaka 2020 Tanzania ilipata wagonjwa wapya wa saratani zaidi ya 40,000 na vifo karibu 27,000, na kwamba wanawake zaidi ya 10,000 kati ya wagonjwa hao walikuwa na saratani ya mlango wa kizazi. Nasisitiza kwamba hayo ni makadirio, kwa sababu hayakupatikana kwa kumhesabu kila mgonjwa bali kwa kukokotoa kutoka kwenye takwimu za sajili chache za saratani. Mkoa wa Tanga, ambao sensa ya mwaka 2022 iliukuta na watu zaidi ya milioni 2.6, unahitaji kuwajua wagonjwa wake wenyewe, na katika kazi hiyo mwanafunzi wa shahada ya kwanza anaweza kutoa mchango wa kweli bila kusubiri mashine ya kusoma vinasaba.

Chukueni mfano wa mgonjwa wa Handeni. Anaanzia zahanati, anapelekwa hospitali ya wilaya, kisha hospitali ya mkoa ya Bombo, na hatimaye anasafiri hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam, safari ambayo kutoka Tanga mjini ni takriban kilomita 350. Kule anafikia kwa mpwa wake Mbagala, na akiulizwa anaishi wapi anajibu kuwa anaishi Mbagala, kwa kuwa ndiko anakolala na ndiko iliko simu inayopatikana. Karani anaandika hivyo hivyo. Kuanzia hapo, kwenye hesabu, mgonjwa huyo amekuwa wa Dar es Salaam. Tukija kugawanya idadi ya wagonjwa kwa idadi ya wakazi, Handeni itaonekana haina saratani na Dar es Salaam itaonekana inayo kuliko ilivyo, ingawa hakuna hata mtu mmoja aliyedanganya. Mwanafunzi wa mwaka wa pili akipewa mafaili ya mwaka mmoja, akaelekezwa kutafuta makazi ya kudumu ya kila mgonjwa, umri wake, mahali uvimbe ulipoanzia, na iwapo ugonjwa ulithibitishwa kwa hadubini au kwa uchunguzi wa daktari pekee, ataelewa namna takwimu za afya zinavyozaliwa kuliko atakavyoelewa kwa kukariri kitini. Atajifunza msimbo wa kimataifa wa magonjwa, ambamo mlango wa kizazi ni C53 na kibofu ni C67. Atajifunza pia kumtambua mtu mmoja mwenye mafaili mawili kwa sababu jina lake liliandikwa kwa tahajia tofauti katika hospitali mbili. Programu ya kutunzia sajili ya namna hii, CanReg, hutolewa bure na shirika lile la Lyon.

Yapo pia maswali ambayo ni yetu hasa. Kichocho cha mkojo kiko katika vijiji vyetu, na kimelea chake kiliwekwa mwaka 1994 katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu. Mayai hunasa kwenye ukuta wa kibofu, huufanya ukuta huo kuvimba kwa miaka mingi, na seli zake hubadilika taratibu. Mwanafunzi anaweza kufundishwa kuchuja mililita 10 za mkojo uliotolewa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, wakati mayai yanapotoka kwa wingi, na kulitambua yai lenye mwiba nchani. Huo ni upande mmoja wa swali. Upande wa pili uko kwenye ripoti za patholojia, yaani za uchunguzi wa vipande vya mwili kwa hadubini, za watu wazima, na mara chache sana nimemwona mwanafunzi akioneshwa pande zote mbili katika mafunzo yake.

Tusiseme hatuna msingi. Korogwe na Bagamoyo vilikuwa miongoni mwa vituo 11 katika nchi saba za Afrika vilivyofanya jaribio kubwa la chanjo ya malaria ya RTS,S kati ya mwaka 2009 na 2014, lililohusisha watoto 15,460. Kuomba ridhaa kijijini, kutunza sampuli kwenye baridi isiyokatika, kuingiza taarifa mara mbili na kulinganisha, kumfuatilia mtoto aliyehama: yote hayo yamefanyika hapa na watu wetu. Kinachotakiwa ni kuuhamishia ujuzi huo kwenye saratani, na kuwaingiza vijana mapema.

Nawasilisha.

Mzee wa Ngamiani

Ndugu mtoa mada, nakushukuru kwa hoja uliyoiandika kwa utulivu, lakini sikubaliani na mahali unapoanzia. Dada yangu alipougua titi, tulizungushwa kwa miezi kadhaa kabla ya kipande cha nyama kuchukuliwa na kupimwa, na majibu yalipotoka daktari alisema kipande kiliharibika njiani na kingechukuliwa upya. Sisi wananchi tunahitaji wataalamu wa patholojia, dawa na mionzi. Nikiambiwa kwamba fedha na muda vinaelekezwa kwa mwanafunzi ambaye hajamaliza hata shahada yake ili apekue mafaili, naona tunamwacha mgonjwa nje. Naomba unifafanulie mgonjwa wa leo anapata nini.

Mkazi wa Raskazone (mtoa mada)

Mzee wangu, shikamoo, na pole sana kwa yaliyompata dada. Jambo uliloleta ndilo hasa swali ambalo ningempa mwanafunzi.

Kipande cha nyama kinachotolewa mwilini kinatakiwa kiingizwe mara moja kwenye fomalini, dawa ya kuhifadhi tishu, ya asilimia 10 iliyo safi, yenye ujazo wa mara kumi hivi ya kipande chenyewe. Kikiachwa kikavu, kikitiwa kwenye maji ya chumvi kwa siku mbili, au kikishindiliwa kwenye kichupa chenye mdomo mwembamba, seli huoza na mtaalamu wa patholojia hawezi kusema kitu, hata angekuwa bingwa. Hata kukaa kwenye fomalini kuna kipimo chake: kwa saratani ya titi, ili vipokezi vya homoni vipimike vizuri, kipande kikae si chini ya saa 6 na si zaidi ya saa 72. Sasa, katika mkoa huu, ni vipande vingapi hufika maabara vikiwa vimeharibika? Vinatoka vituo gani? Vilikaa njiani muda gani? Fomu zake zilijazwa na nani, na je, zina umri wa mgonjwa na historia ya ugonjwa? Wanafunzi wawili wanaosimamiwa vizuri wanaweza kuyajibu maswali hayo ndani ya likizo moja, na majibu yao yakampa mganga mfawidhi sababu ya kubadilisha chupa, usafiri na fomu. Utafiti huo hautaleta tuzo ya kimataifa, lakini utamfaa dada wa mtu mwingine mwaka huo huo.

Tena, mzee wangu, kumbuka utafiti wa Mwanza ulioshirikisha wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14, ukalinganisha dozi moja, mbili na tatu za chanjo dhidi ya virusi vya papiloma, vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi. Kinga ya dozi moja ilionekana kuwa imara, na matokeo hayo yalikuwa sehemu ya ushahidi uliolifanya Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 kukubali ratiba ya dozi moja. Mwaka 2024 Tanzania nayo ikahamia kwenye dozi moja kwa wasichana wa umri huo. Wajukuu zetu wa Ngamiani wamechanjwa kwa ratiba iliyopatikana kwa kazi ya watafiti wa nchi hii. Watu wa kazi hiyo hawaoti wenyewe. Lazima waanzie mahali.

Muuguzi wa Pangani

Nimefuatilia mjadala huu kwa makini, kwa kuwa nafanya uchunguzi wa mlango wa kizazi kwa njia ya siki na huletewa wanafunzi wa kujifunza karibu kila mwaka. Naomba niseme jambo ambalo vitabu vyao havilitilii mkazo.

Wengi wao huja na dodoso lililotafsiriwa kwa haraka, na swali la katikati mara nyingi ni: «Kwa nini ulichelewa kuja hospitali?» Mama wa miaka 55, aliyetokwa na damu kwa mwaka mzima baada ya kukoma hedhi, akiulizwa hivyo na kijana wa umri wa mjukuu wake huinamisha kichwa na kusema hajui, au husema hakuwa na nauli. Kijana anaandika «nauli» na kuondoka akiamini amepata takwimu. Mimi nimewafundisha kuuliza kwa namna nyingine: kwanza kumwamkia, kukaa chini mahali asipoonekana na watu wa foleni, kisha kusema, «Bibi, dalili hizi ulianza kuziona wakati gani? Baada ya hapo ulikwenda wapi kwanza?» Hapo hadithi inafunguka yenyewe. Utasikia alikwenda duka la dawa, kisha kwa mganga wa tiba asili, kisha zahanati akapewa dawa za kuua vijidudu mara mbili bila kuangaliwa, na mume alikuwa Pemba kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kumsindikiza. Ucheleweshaji mkubwa ulikuwa wetu sisi watoa huduma, si wake. Dodoso la kwanza lisingeonesha hilo hata lingejibiwa na wanawake elfu moja.

Jambo la pili ni siri. Mji wetu ni mdogo. Mwanafunzi aliyezaliwa hapa atakutana na faili la mama wa rafiki yake, na akitamka neno moja barazani, wanawake wa mtaa mzima hawatarudi kupimwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo, nao waisome, lakini wasimamizi pia wawaeleze kwa kinywa kabla hawajagusa karatasi yoyote, na majina yaondolewe kwenye orodha kabla kompyuta haijatoka chumbani.

Mkazi wa Raskazone (mtoa mada)

Dada Muuguzi, nimeyaandika hayo ya dodoso ili niyatumie, kwa ruhusa yako. Kuhusu ridhaa, mimi huwaeleza wanafunzi habari za Henrietta Lacks, mama Mmarekani mweusi aliyetibiwa saratani ya mlango wa kizazi katika hospitali ya Johns Hopkins mwaka 1951 na kufariki mwaka huo huo. Seli za uvimbe wake zilichukuliwa bila yeye kuombwa, zikakuzwa, zikasambazwa duniani, na mpaka leo maabara nyingi huzitumia kwa jina la HeLa, ilhali familia yake ilikaa miaka mingi bila kujua. Baadaye ndani ya seli hizo ilionekana aina ya 18 ya kirusi cha papiloma, ambayo pamoja na aina ya 16 husababisha takriban asilimia 70 ya saratani za mlango wa kizazi. Mwanafunzi akiyasikia hayo mawili kwa pamoja, sayansi na dhuluma iliyofanywa, haoni tena fomu ya ridhaa kama karatasi ya kukamilisha.

Mwalimu wa Takwimu, Bagamoyo

Nami naunga mkono hoja, na ningependa tuzungumzie kufikiri, kwa sababu kijana anaweza kujua maabara na mahojiano vizuri sana na bado akatoa hitimisho la uongo. Mfano ninaoutumia darasani umetoka kwenye ukanda wetu huu.

Mwaka 1958 daktari mpasuaji Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi hospitali ya Mulago nchini Uganda, alieleza uvimbe wa saratani wa taya kwa watoto ambao haukuwa umeelezwa kikamilifu kabla yake. Hakuwa na maabara ya maana. Alituma vipeperushi vyenye picha kwa hospitali nyingi za Afrika akiuliza kama wamewaona watoto wa namna hiyo, na mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili walisafiri kwa gari takriban kilomita 16,000 wakipita hospitali kwa hospitali, Tanganyika ikiwemo. Ramani waliyoichora ilionesha kwamba uvimbe ulifuata sehemu zenye joto na mvua na kuepuka nyanda za juu, yaani ulifuata karibu mipaka ile ile ya malaria. Huko London, Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr, ambaye wakati huo alikuwa bado akisomea shahada ya uzamivu, waliripoti mwaka 1964 kirusi walichokiona ndani ya seli za uvimbe huo. Mambo mawili, kirusi na malaria, yakasimama kama washukiwa.

Ndipo lilipofanyika jaribio ambalo wanafunzi wengi wa Tanzania hawajapata kulisikia, ingawa lilifanyika kwao. Kati ya mwaka 1977 na 1982, katika nyanda za chini za Mara Kaskazini, watoto wa chini ya miaka 10 walipewa klorokwini ili kupunguza malaria, na watafiti wakaangalia kama uvimbe wa Burkitt utapungua. Ulipungua. Mimi huwasimamisha wanafunzi hapo na kuwauliza wanahitimisha nini, na karibu darasa zima huandika kwamba malaria imethibitika kuwa chanzo. Kisha nawaonesha kwamba idadi ya wagonjwa ilikuwa imeanza kushuka kabla dawa haijaanza kugawiwa, na kwamba malaria yenyewe ilishuka mwanzoni tu, ikapanda tena. Watafiti wale wakaandika kwa uaminifu kwamba hawawezi kudai kuwa dawa ndiyo iliyopunguza uvimbe. Leo ushahidi mwingine mwingi unaunga mkono mchango wa malaria, lakini jaribio lile peke yake halikutosha, na waliolifanya walilisema hilo. Ningependa kila mwanafunzi wa saratani apite kwenye mfano huu kabla hajafungua R, programu ya kompyuta ya kuchambua takwimu.

Gharama zisiwatishe watu. Mikopo ya serikali ina fungu la mafunzo kwa vitendo, kijana anayefanyia nyumbani halipi kodi ya chumba, na R haiuzwi. Kilicho adimu ni muda wa msimamizi: mtu wa kukaa na mwanafunzi saa moja kila wiki na kumuuliza, «Umejuaje?»

Binti wa Muheza

Shikamooni wakubwa zangu. Mimi ni mwanafunzi wa sayansi ya maabara, mwaka wa tatu, na likizo ijayo natakiwa kufanya utafiti wa kuhitimu. Baada ya kusoma uzi huu nimeandika mada yangu hivi: «Jinsi kichocho kinavyosababisha saratani ya kibofu kwa wakazi wa Muheza.» Nilikuwa nimepanga kupima mkojo wa wanafunzi 200 wa shule za msingi, kisha kuangalia hospitalini wagonjwa wa kibofu ni wangapi. Naomba mnisahihishe kabla sijaipeleka kwa msimamizi.

Mwalimu wa Takwimu, Bagamoyo

Marahaba mwanangu. Watoto utakaowapima leo si wale walioko wodini. Saratani ya kibofu huja miongo mingi baada ya maambukizi, kwa hiyo ukiziweka idadi hizo mbili kwenye jedwali moja hutakuwa umeunganisha chochote. Chagua upande mmoja.

Mkazi wa Raskazone (mtoa mada)

Marahaba binti, na hongera kwa kuiweka kazi yako mbele ya watu. Nakubaliana na Mwalimu, na kwa muda ulionao ningechagua upande wa patholojia. Ondoa «kinavyosababisha», kwa sababu kusababisha kulishathibitishwa na wengine kwa utafiti wa miaka mingi, na wewe huna vifaa vya kulithibitisha upya katika wiki nane. Uliza jambo unaloweza kulijibu: kati ya ripoti za saratani ya kibofu za miaka mitano iliyopita katika hospitali utakayoruhusiwa, ni ngapi zilikuwa za seli bapa na ngapi za seli za utando wa kawaida wa njia ya mkojo, na ni katika ngapi mtaalamu aliandika kwamba ameona mayai ya kichocho kwenye tishu?

Tofauti hiyo ina uzito. Mahali pasipo na kichocho, saratani nyingi za kibofu ni za seli za utando, na uvutaji sigara ndio kisababishi kikuu. Palipo na kichocho, za seli bapa huwa nyingi. Misri ilipopunguza kichocho, aina ya seli bapa ilipungua huko na ile ya utando ikaongezeka. Kwa hiyo hata jedwali lako dogo litatueleza kitu kuhusu tulipo sisi. Andika umri, jinsia, wilaya ya makazi ya kudumu na, ikiwa imeandikwa, historia ya sigara. Pale ambapo haikuandikwa, andika «haikuandikwa», usikisie. Idadi ya nafasi hizo tupu nayo ni matokeo, na utairipoti. Usikokotoe kiwango kwa kila watu 100,000, kwa sababu wagonjwa wa hospitali moja si wagonjwa wote wa mkoa.

Anza sasa na kibali cha kamati ya maadili ya chuo chako, kwa maana hakitoki kwa wiki moja, kisha barua kwa mganga mfawidhi ukiambatisha fomu utakayotumia kunakilia taarifa, ambayo haitakuwa na jina la mgonjwa. Andika upya mada na sehemu ya mbinu, msimamizi wako azisome kwanza, halafu uzirudishe hapa. Dada Muuguzi na Mwalimu nawaomba nao wazipitie.

Muuguzi wa Pangani

Nipo. Fomu ya kunakilia taarifa nitaipitia mimi.

Binti wa Muheza

Ahsanteni sana. Mada mpya ninayoipeleka ni hii: «Aina za saratani ya kibofu na kuwepo kwa mayai ya kichocho katika ripoti za patholojia za miaka mitano.» Fomu nimeanza kuichora, na nafasi ya makazi nimeigawa mara mbili: anakoishi kwa kudumu, na alikofikia wakati wa matibabu.